Mwizi ni Nani? Suala la Haki katika Ushairi wa Hip-hop wa Oakland

Swali linalochunguzwa katika makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifasihi: je, kitendo kinachoruhusiwa na sheria chaweza kuwa wizi? Tutalijadili kupitia utanzu ambao wahakiki wetu wengi wamezoea kuupita kando, yaani ushairi wa hip-hop wenye mwelekeo wa kisiasa. Matini yetu ni wimbo "Fat Cats, Bigga Fish" wa kundi la The Coup, uliotoka mwaka 1994 katika albamu ya Genocide & Juice.

The Coup ni kundi la Oakland, California, mji ambamo chama cha Black Panther kiliasisiwa mwaka 1966. Boots Riley, mtunzi mkuu wa kundi hilo, anamtumia msimulizi wa nafsi ya kwanza ambaye ni mwizi wa mifukoni. Mwizi huyu anavaa kama mhudumu na kupenya katika karamu ya matajiri kwa nia ya kuwaibia. Humo anayasikia mazungumzo asiyoyatarajia. Mfanyabiashara mkubwa anamweleza meya jinsi nyumba za kodi nafuu zitakavyogeuzwa makazi ya wenye nacho: kwanza vyombo vya habari vieneze hofu ya magenge, kisha polisi waingie mitaani, hatimaye ardhi inunuliwe. Msimulizi anatambua kwamba yeye aliyejiona mjanja ndiye anayechezewa.

Kinaya hiki ndicho kiini cha hoja ya wimbo. Mwizi anayetambuliwa na sheria anachomoa pochi moja. Wale wasiotambuliwa na sheria kuwa wezi wanachukua mtaa mzima huku wakiandaliwa vinywaji. Aidha, uteuzi wa msimulizi una maana. Laiti mshairi angemteua mhubiri au mwanaharakati, tungesikia lawama tu. Mwizi hutoa ushahidi wa mtaalamu: anaujua wizi auonapo.

Hata hivyo, hapana budi kuikabili hoja ya upande wa pili, nayo si dhaifu. Mpangaji hamiliki nyumba anayoikalia. Anayeinunua na kuikarabati ametumia mali yake kwa hiari ya muuzaji. Mtaa hupata taa na maduka. Tena, si wote waliohama waliofukuzwa. Wako wenye nyumba walioziuza kwa faida. Dhuluma iko wapi basi?

Jibu, kwa maoni yetu, liko katika bei. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliupa jina la Kiingereza mwenendo ambao tutauita hapa ukwezaji wa mtaa, baada ya kuona watu wa tabaka la kati wakihamia mitaa ya wafanyakazi jijini London na kuwasukuma nje wenyeji. Nchini Marekani mwenendo huo una historia ya rangi. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali kuu lililoshughulikia mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji mingi, Oakland ikiwamo. Mitaa iliyoonekana kuwa hatari kwa mikopo ilitiwa rangi nyekundu, na kuwapo kwa Weusi kulihesabiwa miongoni mwa hatari hizo. Pasipo mkopo hapakuwa na ukarabati. Pasipo ukarabati thamani ilishuka. Ubaguzi huo wa mikopo ulipigwa marufuku na sheria ya mwaka 1968, lakini bei zilikuwa zimekwisha kushuka. Kwa hiyo anayenunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu anavuna tofauti iliyopandwa na ubaguzi, hata kama yeye mwenyewe hamchukii mtu yeyote. Uhalali wa mkataba wake hausafishi chanzo cha faida yake. Mavuno hayo yana sura ya kibinadamu pia: Weusi walikuwa karibu asilimia 47 ya wakazi wa Oakland mwaka 1980, kufikia mwaka 2010 walikuwa karibu asilimia 28.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili huenda akaikumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Humo majumba ya Pate yameanguka, na magofu yake yanaufunza moyo kwamba dunia haidumu. Ushairi wa Oakland unaigeuza taswira hiyo. Hapa nyumba hazianguki. Hupakwa rangi na kung'aa, na waliotoweka ni wakazi wake. Katika Al-Inkishafi mwondoaji ni mauti, naye hashtakiwi. Katika wimbo wa Riley waondoaji wameketi mezani, na mpango wao unasikika. Tukiusoma wimbo huu kama maombolezo, tutakuwa tumewafichia siri waliokusudiwa kufichuliwa. Huu ni ushairi wa mashtaka.

Je, mashtaka hayo yanamtakasa mwizi mdogo? La. Aliyeibiwa pochi huenda naye ni mpangaji wa mtaa uleule, na umaskini wa mwizi haumrudishii fedha zake. Wimbo haudai kwamba wizi mdogo ni haki. Unadai kwamba mizani inayouona huo peke yake ni mbovu. Dai hilo latuhusu sisi wahakiki pia. Maadamu tunafundisha kwamba fasihi hupima uadilifu wa jamii, hatuna sababu ya kuukataa ushahidi kwa kuwa umetolewa na mtu wa mtaani, kwa lugha ya mtaani, juu ya mdundo wa ngoma. Kinachotupasa kuuliza ni kama shahidi alikuwapo, na kama aliyoyasema yanalingana na historia ya bei za nyumba za mji wake.