Hori Imejaa, Mnyama Afa Njaa

Farasi mzee aweza kufa njaa huku nyasi nzuri zimejaa mbele yake. Magego ya farasi kijana ni marefu, sehemu kubwa ikiwa imefichwa ndani ya taya, nayo husukumwa nje milimita 2 au 3 kila mwaka ili kufidia yale yanayolika kwa kusaga majani. Akiba hiyo haiongezwi. Mnyama akipita miaka 20 na kitu, jino hukaribia kwisha; hutafuna, hutafuna, kisha hudondosha chini madonge ya majani yaliyolowa mate. Akiyameza hivyo hivyo, humkaba kooni au kumletea msokoto wa tumbo, naye hana uwezo wa kutapika. Mwenyewe hupita, huiona hori imejaa, husema: Mimi nimetimiza wajibu wangu.

Je, ameutimiza? Wasomaji wetu wasicheke kwa kuwa wengi wao hawana farasi. Punda achukuaye maji huko Dodoma na Singida ana meno ya namna ile ile, na uzee wake ni ule ule.

Swali lenyewe ni la kale. Plutarch, mwandishi Myunani, alipoandika maisha ya Cato Mzee, alimlaumu Mrumi huyo kwa kuwauza watumwa wake waliozeeka, na kwa kumwacha Hispania farasi aliyempanda vitani, ili serikali isilipe gharama ya kumsafirisha baharini. Akasimulia pia juu ya nyumbu waliobeba mizigo wakati Waathene walipokuwa wakijenga hekalu lao kuu. Waliochoka waliachiwa huru malishoni. Mmoja akawa anarudi mwenyewe kazini, akiwatangulia wenzake njiani, hata watu wakaamuru alishwe kwa mali ya mji mpaka kufa kwake. Plutarch hakusema kwamba nyumbu ana haki mbele ya sheria. Alisema kwamba wema ni mpana kuliko haki.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliona hatari nyingine: amzoeaye mnyama kwa ukatili atawafanyia ukatili binadamu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini twaona haitoshi. Anayemlisha punda ili kujizoeza wema kwa watu bado hajamtazama punda. Katekisimu ya mwaka 1992 yasema waziwazi zaidi, katika namba 2416, kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, nao wanadamu wawiwa kuwatendea wema.

Hapo baba wa watoto sita atauliza: Nimnyime nani uji, mtoto au punda? Swali lake ni la haki kabisa, na Katekisimu hiyo hiyo, namba 2418, yampa nguvu: fedha ipasayo kwanza kupunguza shida za watu haifai kutumiwa kwa wanyama. Mtoto ale kwanza. Lakini namba hiyo hiyo yakataza kumtesa mnyama au kumwua bila sababu, na mara nyingi kinachokosekana nyumbani si chakula. Ni majani yale yale, yakatwe mafupi sana, yaroweshwe maji hata yalainike, yachanganywe na pumba, yagawiwe mara tatu au nne kwa siku. Mzee alishwe peke yake, maana vijana humfukuza horini. Mganga wa mifugo akipita, ayakague meno, ayapige tupa yaliyochongoka. Gharama iliyo kubwa hapo ni mtu kuinama na kutazama kilichodondoka chini.

Na ikiwa hata hayo hayawezekani? Kanisa halikatazi kumwua mnyama upesi na bila mateso, nasi twaliona jambo hilo kuwa la huruma kuliko kumwachilia barabarani. Wengine walimwuza mzee wao kwa wafanya biashara wa ngozi, wasitake kujua safari yake itakuwaje, kwa siku ngapi bila maji. Tanzania ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022, na wakuu wa nchi za Afrika wakakubaliana kuisimamisha mwaka 2024. Marufuku yaweza kumzuia mnunuzi. Hayamfikii mwenye punda nyuma ya nyumba yake, jioni, akiwa na mganda wa majani makavu mkononi.