Amana na Hadaa ya Simu

Ndugu zetu katika imani, tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, pesa zetu zimetoka katika pindo za leso na visanduku zikahamia katika simu. Mwizi naye amezifuata huko huko.

Mama mmoja wa mtaa wetu aliletewa ujumbe kwamba amepokea shilingi 8,500. Punde simu ikalia. Mpigaji alitoa salamu kamili, akamwita mama, akasema kwa kilio kuwa pesa zile ni za mgonjwa, amezituma kwa makosa, amwogope Mungu amrudishie. Mama akamrudishia. Asubuhi alipokwenda dukani akafahamishwa kuwa hakuna kilichoingia. Alichokituma ni karo ya mjukuu wake.

Twataka jambo hili lifahamike vyema. Mama huyu hakuponzwa na tamaa, bali aliibiwa kwa uaminifu wake. Tangu chuoni amefundishwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe, na mwizi alijua kuwa amefundishwa hivyo. Nasi barazani, badala ya kumpa pole, tulimcheka. Tulikosa, na twamtaka radhi.

Lakini Kitabu kilichotuamrisha kurudisha amana ndicho kilichotuamrisha, katika Suratul Hujurat, kuihakiki habari tuletewayo na mtu asiyeaminika. Na kuhakiki huku si kazi ngumu. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la M-Pesa, si kwa nambari ya mtu. Hata huo usikutoshe. Litazame salio lako mwenyewe. Ikiwa halikuongezeka, huna cha kurudisha. Ikiwa limeongezeka, pesa hizo si zako, usizile. Mwambie mwenyewe aupeleke ujumbe wake kwa nambari 456, kampuni izirudishe kwa njia yake. Mwenye haki hungoja. Mwizi ndiye mwenye haraka.

Na nambari ya siri je? Tumewaona wazee wetu, nasi tumo, wakiitaja kwa sauti mbele ya wateja wote dukani. Siri gani hiyo ijulikanayo na mtaa mzima?

Wala tusijidanganye kuwa wezi wote watoka mbali. Yuko baba ambaye mwanawe hana kazi, hatoki chumbani, na kila jioni huleta nyama nyumbani. Baba hula, wala haulizi. Serikali ilitunga sheria ya makosa ya kompyuta mwaka 2018, na kijana yule yaweza kumfikia. Lakini ile nyama baba ameshaila, na pengine ndani yake mna karo ya yatima.

Karo ya mjukuu wa mama yule tumeichanga sisi wanadarasa, zimebaki shilingi 3,000. Atakaye kuongeza na amwone mweka hazina msikitini baada ya Isha, uso kwa uso. Sisi hatutampigia mtu simu.