Kujua kwa Ulimi na Kujua kwa Mkono

Kujua kuna sehemu mbili: kujua kwa ulimi na kujua kwa mkono. Mwenye sehemu ya kwanza peke yake huweza kushinda mtihani akashindwa na kazi. Je, ni haki mtu kusema anajua jambo ambalo mkono wake haujapata kulitenda?

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma habari za mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyokusanywa ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Niliandika majibu mazuri, nikapata alama nzuri. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilisimama mbele ya darasa na ubao wa Arduino, chombo kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Nikaiunga taa ya LED moja kwa moja na volti 5. Taa iling'aa mara moja, ikafa. Darasa likacheka.

Usiku nilishika kalamu. Taa nyekundu hutumia volti 2 hivi. Volti 3 zilizosalia, zikiangukia rizista ya omu 220, hupitisha miliampea 14 tu, na taa huzistahimili. Hesabu hiyo niliijua zamani, ila nilikuwa sijapata kuihitaji.

Siku ya pili tulifunga kitufe, mikrokontrola ihesabu kila kinapobonyezwa. Mwanafunzi alibonyeza mara moja. Hesabu ikasema nne. Wote wakanitazama. Ningeweza kubuni sababu nikaaminiwa, lakini nilisema, "Sijui; na tutafute pamoja." Tukagundua kwamba vyuma vya kitufe hudundadunda kwa elfu chache za sekunde kabla ya kutulia, na chombo kile chepesi huhesabu kila mdundo. Tulikiamuru kingoje kidogo, kikahesabu sawasawa.

Siku hizi programu hupatikana tayari, na mwenye kuinakili huwasha taa bila ya taabu. Kunakili si aibu. Aibu ni kujiita mjuzi wa kitu usichoweza kukitengeneza kikiharibika, kwa maana atakayekutegemea atakuwa amedanganywa.

Huenda msomaji akasema kuwa vyombo ni ghali na kosa ni hasara. Ni kweli; lakini taa moja iliyoungua ni ada ndogo kwa somo lisilosahaulika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama mbele ya wanafunzi wangu, na tangu siku ile hawakuogopa kukosea mbele yangu.