Shosho, Umekula Nini?

Kila Jumanne na Ijumaa mimi na shosho tunapanda matatu kutoka Njoro hadi Nakuru, akasafishwe damu. Mimi ndiye niliyeacha chuo na kuandika andika nyumbani, kwa hivyo familia iliona nina wakati.

Kabla ya mashine kuna sista. Anampima uzito na presha, anabonyeza mguu kwa kidole aone kama kishimo kitabaki. Kisha: “Shosho, umekula nini?”

“Wali kidogo na kabeji,” shosho anajibu, macho makavu.

Uongo. Jana alikula viazi. Huku kwetu viazi ndiyo shamba, ndiyo karo, ndiyo mukimo wa kila sherehe. Lakini figo zikishindwa kazi, potasiamu iliyo ndani ya viazi hubaki kwa damu, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Mizani huona chai aliyozidisha. Viazi haivioni, mpaka damu ipimwe.

Nilinyamaza. Nilijiambia ni heshima: mtu amezika mume na kusomesha watoto sita, mimi ni nani nimchongee kama mtoto aliyeiba sukari? Mwili ni wake. Sawa, lakini sista naye anaushika mwili huo huo kwa saa nne akiamini maneno yetu. Na kusema kweli, sikutaka kurudi Njoro na mtu ameninunia.

Florence Nightingale, kwenye kitabu chake cha uuguzi cha 1859, alikipa chakula sura mbili: ya namna mgonjwa anavyokula, na ya chakula chenyewe. Ile ya namna ya kula ndiyo ilitangulia.

Ijumaa iliyofuata tulipata sista mwingine. Huyu aliuliza, “Shosho, viazi kwenu mnapika aje?” Hakuuliza kama anakula. Shosho akacheka, akaeleza yote, hadi kitunguu. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, akaagiza damu ipimwe, kisha akanigeukia: menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga hayo maji. Na iwe kidogo, si kila siku.

Sasa namwaga. Shosho ananitazama kutoka mlangoni. “Unamwaga utamu wote,” anasema.

Jana nimemkuta nyuma ya jiko na nusu ya avokado, nayo ina potasiamu tele. Alinipa kipande. Nikala. Kesho ni Ijumaa, na sijui nitangoja ajibu mwenyewe kwa muda gani.