Je, Kitokacho Uchafuni Hakina Thamani?

Watu wengi hudhani ya kuwa kitu kitokacho mahali pachafu hakiwezi kuwa na thamani. Je, dhana hiyo ni ya haki? Hebu, ndugu msomaji, tuipime kwa mfano wa mdudu anayedharauliwa sana, yaani nzi.

Yuko nzi mweusi, kwa jina la kitaalamu Hermetia illucens, afugwaye siku hizi katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Mabuu yake hula mabaki ya vyakula na samadi, kisha hulishwa kuku na samaki. Wale wanaoachwa wakue hugeuka nzi na kuruka, na nyuma yao hubaki maganda matupu. Hayo ni takataka iliyotoka katika takataka.

Lakini mwaka 1823 Auguste Odier alieleza juu ya kitu kigumu kilichomo katika maganda ya wadudu, akakiita kitini. Mwaka 1859 Charles Rouget alikichemsha katika magadi makali, kikageuka kuwa kile kiitwacho leo kitosani. Magadi hayo huondoa sehemu iliyoifunika naitrojeni, nayo ikiwa wazi hushika madini kama shaba na risasi. Kwa hiyo wataalamu hupaka utando mwembamba wa kitosani juu ya ncha ya kipimo cha umeme, wakaichovya majini. Risasi iliyomo hunaswa, na umeme huonyesha kiasi chake. Risasi hiyo haionekani majini kwa macho, nayo hudhuru akili za watoto. Basi ganda la nzi laweza kumwonya mama kabla hajamnywesha mwanawe sumu.

Ni nani basi aliyelitia ganda thamani hiyo? Si magadi, kwani yaliondoa kifuniko tu. Wala si mtaalamu, kwani yeye aligundua, hakuumba. Thamani ilikuwamo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni ujuzi wetu. Ndiyo maana si ajabu kwamba Kurani Tukufu inazo sura zenye majina ya nyuki na sisimizi.

Ikiwa hatukuwa na haki ya kulihukumu ganda la nzi kwa mahali lilikotoka, tutapata wapi haki ya kumhukumu hivyo mwanadamu? Aliyekuwa mlevi au mwizi jana, akitubu leo, asiulizwe ametoka shimo gani. Toba ni chungu kama magadi, lakini haimletei mtu wema wa kuazima. Humwondolea kilichoufunika ule aliojaliwa na Muumba wake.