Aliyekuvusha Maji Anakudai Nini?

Wakati wa kampeni, ukipita soko la Kibirichia hukosi kumsikia mheshimiwa akiwakumbusha watu: "Hii barabara ni mimi. Hayo maji ni mimi." Maana yake, sasa nilipeni. Swali lenyewe ni la zamani kuliko kura: mtu akikuokoa, anapata haki ya kukutawala?

Wakorea wana jibu lao. Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 1145, kinasimulia jinsi Jumong alivyowakimbia wana wa mfalme wa Buyeo waliotaka kumuua. Akafika mtoni, daraja hakuna. Samaki na kasa wakajipanga juu ya maji, akavuka, kisha wakatawanyika kabla maadui hawajafika. Mwaka 37 K.K., kwa hesabu ya kitabu hicho, akawa mfalme wa kwanza wa Goguryeo. Alipofariki mwaka 19 K.K., kiti kikaenda kwa mwanawe, Yuri.

Sisi Wameru tuna simulizi inayokaribiana na hiyo. Wazee wetu walikuwa watumwa wa Nguo Ntuni kule Mbwaa. Kiongozi, ambaye wengi humwita Koomenjoe, akawatoa, maji yakawapisha. Waliovuka usiku wakawa Njiru, wa alfajiri Ntune, wa mchana Njeru. Lakini ng'ambo hii hakuwekwa mfalme. Mugwe alikuwa na mkono wa kushoto wa kubariki, akaufunika kwa vazi lake. Kesi zilikwenda kwa wazee wa Njuri Ncheke, na kila rika lilijua litaachia lingine.

Utaniambia Goguryeo ilidumu miaka karibu 700, ilhali sisi Waingereza walitujia tu wakatuwekea machifu wao. Hoja hiyo ina uzito. Ila Goguryeo nayo ilianguka mwaka 668, baada ya wana wa Yeon Gaesomun, mtu aliyeishika nchi kuliko mfalme mwenyewe, kugombania nafasi ya baba yao. Kiti cha kurithi hulinda watu mpaka siku warithi wanapokosana.

Naona shukrani ni deni la kweli, lakini hulipwa kwa heshima. Ukililipa kwa utii, watoto wako, ambao hawakuvushwa na mtu, watazaliwa wakidaiwa. Kwa hiyo mheshimiwa akitaja barabara yake, tumwambie asante, tumpe kiti na chai. Halafu tumuulize kesho atafanya nini, kama tunavyomuuliza mgombea mwingine yeyote.