Ndege Ndogo ya Vita na Mtu Aliyemo Ndani

Mgeni mmoja wa misioni alituachia shuleni sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya ndege ya vita juu yake. Tulipolifungua, watoto wakasema, "Mwalimu, imevunjika." Kumbe haikuvunjika, bali ilikuwa haijaundwa bado. Vipande vyake vya plastiki vilikuwa vimeshikamana na vijiti vya plastiki ile ile, kama matunda yanavyoshikamana na vikonyo vyake, na karatasi yenye michoro ilionyesha kipande gani chaungana na kipi.

Huko Uingereza kazi hii ni burudani ya watoto, na pia ya wazee wenye mvi. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa na Mhungaria Nicholas Kove mwaka 1939, ilianza katika miaka ya 1950 kuuza ndege ndogo ya namna hii ndani ya mfuko mwepesi, kwa shilingi mbili. Ndege yenyewe ni Spitfire, jina ambalo maana yake ni mwenye kutema moto. Aliyeibuni ni R. J. Mitchell. Iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, naye akafa mwaka uliofuata, asiione ikienda vitani. Kati ya Julai na Oktoba 1940, majeshi ya Hitler yalipotaka kuishinda Uingereza kwa njia ya anga, Spitfire pamoja na ndege nyingine ziitwazo Hurricane ndizo zilizoyazuia.

Katika sanduku letu kila kipimo cha ndege ya kweli kimegawanywa kwa 72. Mabawa ambayo kwa kweli yana mita 11 na sentimeta 23 toka ncha hata ncha, huwa sentimeta 15 na nusu, yaani yatosha kulala juu ya kiganja kilichokunjuliwa. Na atakaye kujua jinsi kazi hii inavyofundisha uvumilivu, amtazame mtu akitia gundi. Gundi hiyo (wengi wetu husema kole) haishiki kama utomvu wa mti. Huyeyusha plastiki kidogo, na vipande viwili vikawa kimoja. Ukizidisha tone moja tu, alama ya kidole chako itabaki juu ya bawa daima. Tena mabawa hayalali sawa kama ubao. Yapaswa kuinuka kidogo kwenye ncha, yote mawili kwa kadiri moja, ama sivyo ndege nzima huonekana kilema. Sisi tuliyaegemeza juu ya vitabu viwili vya hesabu usiku kucha. Kisha kuna chumba cha rubani: kiti, fimbo ya kuongozea, ubao wa saa za kupimia. Hivi vyote hupakwa rangi kwanza, kabla ya kuunganisha nusu mbili za kiwiliwili, maana baadaye mkono hauingii. Navyo vikisha kufungwa, karibu havionekani tena. Jambo hilo lilinipendeza sana, nikawaambia watoto wavipake vizuri hata hivyo.

Ndipo kijana mmoja wa darasa la tano alipoweka burashi chini, akauliza: "Mwalimu, jana ulitufundisha Usiue. Hiki si chombo cha kuulia watu? Mbona twakipamba?"

Nakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu. Kijana huyo hakuuliza kwa ubishi. Watoto wengi wa nchi yetu wameijua vita kwa masikio yao na kwa miguu yao, wala hawalichezei neno hilo. Swali lake laonekana dogo, lakini lataka kujua hili: je, ni halali kupendezwa na uzuri wa kitu kilichoundwa ili kiue?

Majibu ya haraka yako mawili. Mtu wa kwanza atasema: kitupe motoni, kwa kuwa mfano wa kitu kibaya nao ni mbaya. Lakini huyo ajitazame kwanza nyumbani kwake. Mkuki aliourithi kwa babu yake, naye huusugua ung'ae, ulifuliwa kwa ajili gani? Tena wale waliorusha Spitfire mwaka 1940 walikuwa wakiwakinga watu wao, na kumkinga jirani anayeshambuliwa hakulingani na kuua kwa tamaa. Mtu wa pili atacheka na kusema: ni plastiki tu, mwache mtoto acheze. Jibu hilo silipendi hata kidogo. Naona ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu yule wa kwanza angalau ameona kitu. Mtoto hajifunzi darasani peke yake. Hujifunza zaidi anapocheza, wakati ambapo hakuna mtu anayemwuliza amejifunza nini.

Mimi nilitafuta njia nyingine. Nilisoma habari za ndege ile, nipate kujua ndani yake mlikuwa na nini. Katika ndege yetu ndogo, kati ya ubao wa saa na mahali pa injini, pana uwazi mtupu. Katika Spitfire ya kweli ya mwaka 1940, hapo hapo palikuwa na matangi ya petroli, karibu lita 386, mbele ya magoti ya rubani. Risasi za adui zilipoyatoboa na kuyawasha, moto uliweza kumfikia rubani usoni na mikononi wakati angali akihangaika kufungua kifuniko cha kioo ili ajitupe kwa mwavuli wake.

Tarehe 3 Septemba 1940 Spitfire ya Richard Hillary, kijana wa miaka 21 aliyezaliwa Sydney katika Australia, ilipigwa ikawaka. Alianguka baharini, akaokolewa na mashua, uso na mikono vimeungua. Akawa mmoja wa wale waliotibiwa na Archibald McIndoe, mganga wa New Zealand, katika hospitali ya East Grinstead. McIndoe alikuwa ameona kwamba vidonda vya marubani walioanguka baharini vilipona vizuri kuliko vya wenzao. Kwa hiyo aliwaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi, kisha akawaundia kope, midomo na pua kwa ngozi ya miili yao wenyewe. Wagonjwa hao walianzisha chama mwaka 1941, wakakiita Chama cha Simbilisi, kwa maana simbilisi ndiye mnyama ambaye waganga wa Ulaya humjaribia dawa. Vita ilipokwisha, wanachama walikuwa 649. Hata wenyeji wa mji walikuwa na sehemu yao, kwa kuwa McIndoe aliwasihi wasiwakodolee macho watu hao, nao wakawakaribisha mezani kwao. Hillary aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1942, nacho huitwa Adui wa Mwisho, maneno yaliyotoka katika waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Wakorinto. Na adui huyo, kama mjuavyo, ni mauti. Akarudi kurusha ndege na mikono ile ile iliyokunjamana. Mwezi wa Januari 1943 akafa, ndege yake ilipoanguka usiku katika mazoezi.

Sasa rudini pamoja nami kwenye ule uwazi mtupu. Aliyetengeneza sanduku hakusema uongo, maana hakuna atiaye petroli katika kitu cha kuchezea. Lakini kila kitu kifanywacho kidogo huacha mambo fulani nje, na katika ndege hizi jambo lililoachwa nje ni maumivu. Tazameni hata picha za masanduku. Tangu mwaka 1964 Airfix ilimwajiri mchoraji hodari, Roy Cross, naye aliionyesha vita kama vita: mabomu yakidondoka, ndege zikiwaka moto. Baadaye baadhi ya picha zake zilifutwa moto na mabomu, ili watoto wasiuziwe mauaji. Nia ilikuwa njema, lakini mimi nina shaka nayo. Bunduki 8 za Spitfire zingali zimo mabawani. Lililoondolewa ni tokeo lake tu. Mtoto aonaye ndege safi katika mawingu meupe hataelewa kwamba risasi zake, zilizokwisha katika muda wa sekunde 15 hivi, zilitafuta mwili wa mtu. Na adui pia alikuwa mtu. Katika miezi ile ya 1940 marubani na watu wa ndege za kivita za Waingereza waliouawa walikuwa 544, na Wajerumani waliokufa angani walizidi 2,000. Kampuni ile ile imeuza masanduku yenye ndege mbili za maadui pamoja, mtoto aziunge zote kwa gundi moja.

Hivyo nilimjibu kijana wetu, baada ya siku kadhaa, kwamba kuupenda umbo la bawa si kosa. Aliyelichora alikuwa na akili na macho, na kazi njema hupendeza hata ikitumiwa mahali pa kutisha. Lakini aundaye ndege hii yampasa kujua petroli ilikaa wapi. Akiijua mikono ya Hillary, na bado akakwaruza gundi iliyozidi kwa uangalifu, sioni kosa lake. Ninayemwogopa ni yule anayemwacha mtu nje.

Nami nalikuwa karibu kufanya hivyo. Rubani wa sandukuni hazidi sentimeta 2 na nusu, hana macho wala mdomo, na waundaji wengi humwacha kwa sababu umbo lake si zuri na huziba kazi ya ndani. Nilikuwa nimekwisha kumweka kando pamoja na vijiti vya kutupwa. Kijana akamwokota, akampaka rangi usoni kwa ncha ya mwiba, akamkalisha kitini. Tulipobandika kifuniko, gundi ikatia ukungu kwenye kioo, kosa langu mimi, na sasa huonekana kwa shida.

Wenzake wameomba tumfanyie hivyo na yule wa Kijerumani. Sanduku lake hatunalo.